Gari ya kwanza ya mdogo wangu, na simu ambayo hakunipigia

Tulifika yadi kwenye saa nne asubuhi, Jumamosi, jua limeshakuwa kali. Mdogo wangu alikuwa amevaa kama anaenda kwenye sendofu ya mtu. Muuzaji akampa ufunguo, akaingia, viti bado vimevalishwa nailoni, akawasha. Kabla hata mashine haijatulia ikatoka sauti ya mwanamke, laini, ya adabu kabisa, inaongea Kijapani.

Tukaangaliana.

"Inasemaje?" mdogo wangu akauliza. Muuzaji hakusita hata kidogo: "Inakukaribisha dada, inasema karibu sana kwenye gari yako."

Alicheka mpaka machozi yakamlenga, na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na karatasi yangu ya mahesabu nikajua hapa biashara imeshaisha. Yani hilo neno "gari yako" lilimaliza kila kitu.

Wiki kadhaa baadaye nikamuuliza mtu wa kazini kwetu aliyesoma Japani, nikamuigizia ile sauti kadri nilivyoikumbuka, akaniambia hiyo inasema kadi haijachomekwa. Kule kwao kuna kadi ya kulipia barabara za kulipia, inaingia kwenye kidude kidogo pale kwenye dashibodi, ukiwasha gari bila kadi inakukumbusha. Haikuwa inamkaribisha mtu. Ilikuwa inaulizia malipo.

Hii kitu imenikaa kichwani wiki ya saba sasa, ndo maana naandika.

Mpya ya kwetu

Mdogo wangu ana miaka 26, ni kitinda mimba wetu, anaishi na mama Chanika na kazi iko Posta. Alikusanya hela miaka mitatu, kikoba, bonasi, na kabiashara kake ka vitenge, mpaka ikafika milioni 15 na laki 2. Alivyonipigia aliniambia "dada nataka gari mpya, sitaki ya mtu." Mnajua wenyewe mpya ya Dar maana yake nini. Ni gari ambayo haijakanyaga barabara zetu, haina namba, kwahiyo ukiisajili leo inatoka na namba mpya ya herufi E na mtaani wanajua binti kaingiza chuma. Ila yenyewe imetengenezwa 2006. Toyota IST, nyeusi. Kuna watoto wamezaliwa mwaka huo na leo ni watu wazima.

Mimi sina shida na hilo, Wajapani wanatunza magari kweli. Kule gari mpya inakaguliwa baada ya miaka mitatu halafu kila miaka miwili, na ukaguzi una gharama, ndo maana watu wanaona bora wauze gari ambayo huku ingeitwa bado kali. Shida yangu ilikuwa kwenye ile hela anaiweka wapi. Wenzetu Kenya gari ikizidi miaka 8 haiingii kabisa. Sisi inaingia ila unalipia uzee wake: ikiwa na miaka 8 mpaka 10 kuna ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, ikizidi 10 ni asilimia 30, na hapo kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kuna ushuru wa bidhaa kutokana na ukubwa wa injini (chini ya cc 1000 hakuna, kuanzia 1001 mpaka 2000 ni asilimia 5), halafu VAT asilimia 18 inakuja kukaa juu ya vyote hivyo. Kodi juu ya kodi. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA uweke aina ya gari na mwaka uone mwenyewe, na ujue wanatumia thamani waliyoweka wao, sio risiti yako.

Kwahiyo kwenye ile milioni 14 na nusu tuliyotajiwa, sehemu kubwa sio chuma. Ni kodi, meli na faida ya yadi. Chuma chenyewe kina miaka yake ileile.

Nilichuchumaa

Gari iling'aa balaa. Matairi meusi kama yametoka kiwandani, kashata zote zipo, yani ile michongo ya tairi, kucha inaingia. Mdogo wangu akaniambia "ona dada, hata tairi hatutanunua."

Nikachuchumaa. Ubavuni mwa tairi kuna maandishi mengi, ila tafuta herufi DOT, fuata ule mstari mpaka mwisho utakuta tarakimu nne kwenye kiduara kama kidonge. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Nilifuta kwa kidole, ile dawa ya kung'arishia ikabaki kidoleni nyeusi tii, chini yake pakasomeka 3214. Wiki ya 32, mwaka 2014. Nikaenda la nyuma, 3214. Yote manne. Nikabonyeza mpira karibu na rimu nikaona nyufa nyembamba nyembamba kama za udongo mkavu.

Mpira unazeeka hata usipotembea. Kashata inakuonyesha tu tairi imetembea kiasi gani, umri wake haikwambii.

Nilimwita aone. Hakutaka kuja. Alikuwa amekaa ndani, mkono kwenye usukani, anajaribu redio ambayo mwisho wake ni 90 (redio za Japani zinaanzia 76, huko juu kwenye stesheni zetu nyingi haifiki mpaka ununue ekspenda, kile kidude cha kuongeza masafa). Nilimuelewa na sikumuelewa. Muuzaji alipunguza laki 3 kwa ajili ya matairi, tukamaliza kwa milioni 14 na laki 2, na nikajiona nimefanya kazi kubwa ya udada.

Kitu ambacho sikufanya, na hiki ndo kinaniuma: sikufungua boneti nikawaza kwamba kama mpira wa nje ni wa zamani, ndani je?

Hesabu niliyompigia

Tukiwa njiani kurudi nilimpigia hesabu, kwa ukali kidogo kiukweli, maana nilikuwa na hasira ya yale matairi. Imebaki milioni moja. Bima ndogo laki na elfu 18. Ile kubwa tulitajiwa asilimia 3.5 ya thamani ukiongeza VAT, inakaribia laki 6, akasema hiyo tusahau. Matairi manne ya kawaida laki 6 na elfu 40. Umebaki na laki 2 na ushee na hujaweka hata mafuta.

Mafuta sasa. Chanika Posta kwenda na kurudi ni kama kilomita 70, kwa foleni ya Gongo la Mboto ile gari ikikupa kilomita 11 au 12 kwa lita mshukuru Mungu, ni lita 6 kwa siku, petroli ilikuwa inacheza kwenye elfu 3, kwahiyo elfu 18. Siku 22 za kazi inakaribia laki 4. Mshahara wake mkononi ni laki 7 na 80. Yani nusu ya mshahara inaunguzwa barabarani, na EWURA akitangaza bei zile Jumatano za mwanzo wa mwezi, yeye sasa ataanza kusikiliza kama mwenye daladala.

Nilimwambia kulikuwa na Passo ya cc 1000 pale pale, milioni 11 na nusu. Angebaki na zaidi ya milioni 3. Akasema wenzie ofisini wote wana IST, na Passo watamcheka.

Hapo ndo nikasema lile neno. "Sawa, ni hela yako. Ila ikikufia njiani usinipigie mimi."

Hakujibu. Alikuwa anaangalia dirishani.

Kisichoingia kwenye kalkuleta

Nikae hapa kidogo maana nimebishana na nafsi yangu sana.

Nilipomaliza hesabu zangu siku ile aliniuliza kitu kimoja tu: "Dada wewe ulinunua ukiwa na miaka 34, mimi nisubiri mpaka lini kutembea gizani?" Mimi wakati naanza kazi nilikuwa napanga Kinondoni, daladala mbili dakika arobaini nimefika. Yeye anaamka saa kumi alfajiri, anasimama mpaka Mnazi Mmoja, jioni anashuka kituoni saa tatu na nusu usiku, na kutoka kituoni mpaka nyumbani kuna kipande cha dakika kumi na tano hakina taa hata moja. Mwaka juzi kuna mtu alimfuata kipande chote kile mpaka getini. Hakuniambia mimi, alimwambia mama. Akaanza kuchukua boda kwa kipande hicho, nauli na boda inakwenda elfu 6 kwa siku. Kwenye karatasi yangu nilikuwa nalinganisha elfu 6 na elfu 18, na kwenye karatasi elfu 6 inashinda. Karatasi haikuwa na mahali pa kuandika yule mtu.

Halafu wiki ya tano baada ya kununua, presha ya mama ilipanda saa nane usiku. Zamani ingekuwa kugonga kwa jirani, kumpigia bodaboda, kumbebesha mama mwenye kizunguzungu kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Safari hii mdogo wangu alimlaza siti ya nyuma akaendesha mwenyewe. Daktari alisema mmewahi.

Kwahiyo siwezi kusimama hapa nikasema alikosea kununua. Nimejaribu kulisema na halitoki.

Taa

Gari nyingi ndogo za hivi hazina mshale wa temprecha. Zina taa tu. Ya bluu, maana yake mashine bado baridi, inazima yenyewe baada ya dakika chache. Na nyekundu. Hakuna mtu aliyewahi kumkalisha akamwambia hivyo. Alifundishwa leseni, alama za barabarani, kurudi nyuma kwenye ngazi. Taa za dashibodi alizijua mbili, ya mafuta na ya mkanda.

Siku ya Alhamisi, saa tatu usiku, mvua, yuko maeneo ya Pugu, ikawaka nyekundu. Akazima AC akaendelea. Nilipokuja kumuuliza baadaye kwanini hukusimama akanijibu nisimame wapi dada, pale peke yangu, na nyumbani nilishakaribia? Akaendesha mpaka gari ikakosa nguvu ikaanza kutoa moshi mweupe, karibu kabisa na kwetu, vijana wakamsukumia mpaka uani.

Hozpaipu ya redieta ndo ilipasuka. Fundi alinionyesha baadaye, aliitunza. Ukiikunja inatoa nyufa nyembamba nyembamba kama za udongo mkavu, zilezile nilizoziona kwenye tairi. Hozpaipu mpya bei yake haifiki hata hela ya mafuta ya wiki. Na ndani kulikuwa na maji ya bomba matupu yenye rangi ya kutu, kulanti, ile dawa ya kupozea mashine, ilishaisha zamani, kila alipoosha gari alikuwa anajaziwa maji na hakuna aliyejiuliza yanapungua yanaenda wapi. Gari ilichemsha, gasketi ikaenda, silinda hedi ikapinda ikabidi ipelekwe kuchongwa. Laki 5 na elfu 20.

Mimi haya yote sikuyajua. Nilijua gari iko poa.

Meseji

Wiki tatu baadaye niko kwenye kikao, simu ikaingia meseji kutoka namba nisiyoijua. Jina kamili la mdogo wangu, herufi kubwa, na kwamba nimwambie alipe deni lake la sivyo picha yake itasambazwa kwa watu wote. Nikadhani matapeli. Baada ya dakika kumi shangazi yetu wa Morogoro akanipigia analia, na yeye kapata.

Mkopo wa mtandaoni. Kausha damu. Alichukua laki 3 kwenye aplikesheni moja, akaja kuchukua kwenye nyingine kulipa ile ya kwanza, mnajua inavyokwenda. Zile zile ambazo Benki Kuu (BoT) mwaka 2024 walitangaza kuzifungia 69 kwa mpigo kwa kutokuwa na leseni, na nyingine bado zinapita kwenye simu za watoto wetu. Ukiipakua inaomba ruhusa ya kusoma namba zako zote, unabonyeza ndio kwa sababu fundi anasubiri.

Nilienda Chanika jioni ile ile. IST iko chini ya mwembe, imefunikwa turubai, majani yamejaa juu. Wiki tatu haijawashwa kwa kukosa hela ya mafuta, na betri imelala. Nilimkuta jikoni anakuna nazi. Nikamuuliza, mdogo wangu, laki 5 mimi nisingekupa? Hata kukopesha tu?

Akaendelea kukuna.

"Si ulisema nisikupigie."

Sikuwa na la kujibu. Hata sasa sina. Nilisema lile neno kwenye gari, kwa hasira ya matairi, nikalisahau kabla hatujafika Ubungo, na yeye alilibeba kama agizo la mkubwa wake. Alikuwa Pugu kwenye mvua na taa nyekundu, simu iko mkononi ina chaji, na dada yake ambaye anajua maana ya hiyo taa yuko macho anaangalia tamthilia. Dakika moja ya maneno ingetosha. Zima, kaa ndani ufunge milango, usiguse mfuniko wa redieta maana ule mvuke unaunguza, nakuja.

Hesabu zangu zote zilikuwa sahihi. Laki 4 za mafuta ni kweli, matairi ni kweli. Ila kila namba niliyompa ilikuwa inamwambia ukikosea ni juu yako.

Wewe uliyekusanya hela yako

Kuna wadogo zangu wanasoma hapa, wengine mmeshanitumia meseji za "dada nina milioni kumi nichukue nini." Ninachofanya sasa, kabla hatujaongelea gari yoyote, nakwambia toa moja ya tano uiweke pembeni, isiguswe, tuifanye kama haipo. Gari unanunua kwa kilichobaki. Mwenye milioni 15 anatafuta gari ya 12. Hiyo 3 ndo tairi, bima, na sevisi ya kwanza ambayo unaifanya wiki ileile ya kwanza hata kama gari inanguruma vizuri: oil, filta, kulanti, fan belti, na hozpaipu zote zikunjwe zionekane. Fundi awe wako, sio rafiki wa muuzaji, na mfike mapema, uguse boneti kabla hawajawasha. Ikiwa ya moto waambie mtarudi. Mashine nyingi zenye ugonjwa zinaficha zikishapata moto.

Kama unanunua kwa mtu, namba za chesesi zilinganishe na kadi kwa macho yako, na angalia madeni ya faini na ya paking kwa namba ya gari, maana deni linafuata gari. Vioo na taa andikisha namba ya gari yako mapema, kabla havijaibiwa ukaenda kuvinunua tena kwenye maduka ya spea Gerezani.

Passo sio aibu. Nasema hivi nikijua kabisa hamtanisikiliza, na nimekubali.

Na kabla hujalipa, tafuta mtu mmoja. Kaka, mjomba, fundi, mfanyakazi mwenzio, yeyote anayejua gari kidogo na asiyekunja uso ukimuuliza kitu cha kijinga saa nne usiku. Muulize kabisa kwa mdomo, nikikwama naweza kukupigia? Akisita, tafuta mwingine. Mimi sikuwa mtu huyo. Nilikuwa nafaa kwenda yadi tu.

Juzi

Madeni tumeyamaliza, tuligawana mimi na kaka. Mdogo wangu sasa anatumia gari siku za zamu ya jioni na Jumapili ya kumpeleka mama kanisani, siku nyingine anapanda daladala na boda kama zamani, hesabu imekaa hivyo kwa sasa. Tulikaa kwenye gari uani kwa mama, tukawasha, tukapitia taa moja moja na yeye anaandika kwenye simu. Ile sauti ya Kijapani ikaongea, nikamwambia inachosema. Alinyamaza kidogo halafu akasema yeye ataendelea kusikia karibu.

Juzi saa kumi na moja asubuhi simu imeita, jina lake. Niliruka kitandani.

"Dada samahani, umelala? Nimewasha gari hapa nataka nitoke, imewaka taa. Ya bluu."

"Ya bluu ni baridi tu," nikamwambia. "Iache ipate moto kidogo."

"Itazima?"

"Itazima."

Hakukata. Tukakaa hivyo kwenye simu, namsikia mama anakohoa kwa mbali, jogoo, mashine inanguruma taratibu, mpaka akasema imezima.